Gando la kaa kifuani kwa mama mdogo

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kuna walioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja akauliza kama nimeolewa. Hakuna kati ya hayo mawili. Nilikuwa nyumbani Mbeya, kwa mama yangu mdogo pale Mwanjelwa, na nikiwa huko nikaingia kwenye jambo lililonifanya nisome usiku na mchana kama mtu wa kidato cha sita anayesubiri mtihani. Leo nataka niwaeleze nilichokipata. Ni historia, ila inaanzia kifuani kwa mtu ninayempenda, kwa hiyo mnivumilie.

Mama mdogo ana uvimbe katikati ya kifua, chini kidogo ya shingo. Ni mgumu, unang'aa, una urefu wa kidole gumba, umelala kwa upana, na kila upande umetoa vijimkono vinavyoingia kwenye ngozi nzima. Ulianza kama kipele cha kawaida mwaka 1998. Alikuwa na miaka 24, akakitumbua, kikapona. Baada ya miezi mitatu hivi kovu likaanza kunyanyuka, na halikusimama. Unawasha, hasa usiku, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua: ukivaa sweta la sufu juu ya kitu kinachowasha ni adhabu. Mwaka 2003 alikwenda zahanati moja wakamkata. Aliyemkata alimwambia yameisha, aende nyumbani. Haukupita mwaka, uvimbe ukarudi ukiwa mkubwa kuliko ule wa kwanza.

(Amenipa ruhusa kuandika haya yote kwa sharti moja, nisitaje jina lake. Kwa hiyo walioko Mwanjelwa, msianze kuulizana.)

Sasa hebu fikirini mwaka wenyewe. Utafiti wa taifa wa mwaka 2003 na 2004 wa viashiria vya UKIMWI ulikuta kwamba Mbeya ndiyo mkoa uliokuwa unaongoza Tanzania Bara: kama watu 14 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Iringa ilifuata kwa karibu. Kila ukoo ulikuwa na kaburi bichi. Na kati ya dalili ambazo watu walishajifunza kuzisoma kwa macho, mojawapo ilikuwa uvimbe mweusi kwenye ngozi. Hiyo ni saratani ya Kaposi, iliyoelezwa mara ya kwanza na Moritz Kaposi kule Vienna mwaka 1872. Hapa kwetu Afrika Mashariki ilijulikana hata kabla ya UKIMWI, kiasi kwamba mwaka 1961 ulifanyika mkutano mzima juu yake Kampala. Ila UKIMWI ulipoingia, ikawa kama tangazo lililobandikwa kwenye mwili wa mtu.

Mama mdogo alikuwa anaimba kwaya, sauti ya pili. Hakuna aliyemfukuza. Watu walianza tu kuacha nafasi kwenye benchi. Alipima mara tatu, mara zote tatu hana virusi, lakini utampa nani majibu yako ya maabara ayasome? Utayabandika mlangoni? Akaacha kwaya. Akahamia kwenye vitenge vya kufunga mpaka shingoni, na mpaka leo ndivyo anavyovaa akiuza mchele wake wa Kyela pale sokoni, hata jua likiwa la mwezi wa kumi na moja.

Kilichonirudisha Mbeya ni simu yake. Binti yake anaolewa, na kuna send-off. Mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, wewe ni mwandishi wa habari, hebu niulizie. Nataka huu uvimbe ukatwe tena kabla ya send-off. Na uniulizie kama ni kansa. Usinifiche."

Haya basi. Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nilichokuta kwanza ni kwamba swali la mama mdogo limeulizwa kwa zaidi ya miaka 200, na jibu lake limekuwepo karibu muda wote huo.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Paris, kulikuwa na daktari aitwaye Jean-Louis Alibert katika hospitali ya Saint-Louis. Hospitali ile ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17 kwa ajili ya wagonjwa wa tauni, na baadaye ikawa mahali pa watu wenye magonjwa ya ngozi ambao wengine hawakutaka kuwaona. Alibert alikuwa mtu wa maonyesho. Alifundisha nje, bustanini, chini ya miti, wagonjwa wakiletwa mbele ya wanafunzi. Alichora hata mti mkubwa ambao matawi yake ni magonjwa ya ngozi, kila tawi ukoo mmoja. Mwaka 1806 aliandika juu ya uvimbe unaotokea kwenye ngozi, mgumu, wenye mikono inayotambaa pembeni. Akauita kwa Kifaransa jina lenye maana ya "kinachofanana na kansa". Miaka michache baadaye akabadili mawazo. Aliona kwamba haufanyi yale kansa inayofanya: hauingii kwenye mifupa wala mapafu, haumuui mtu. Kwa kuwa jina la kwanza lilikuwa linachanganya watu, akatafuta lingine kwenye Kigiriki, neno lenye maana ya gando la kaa, kwa sababu ya ile mikono ya pembeni. Ndipo tukapata keloidi.

Hapa niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Jamaa alikuwa anakimbia kansa, na kansa ni nini? Kwa Kilatini ni kaa. Na sisi Waswahili, ambao tungeweza kudhani tumenusurika kwa kuwa na neno letu, saratani? Tumelichukua kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kaa yule yule. Kwa hiyo Alibert alimtoa mgonjwa kwa kaa mmoja akamkabidhi kwa mwingine. Waliokuja nyuma yake hawakusaidia sana. Mwaka 1854 Thomas Addison wa London aliandika makala kuhusu keloidi ya Alibert na keloidi aliyoiita ya kweli, na hiyo ya kweli ikaja kuonekana ni ugonjwa mwingine kabisa wa ngozi kukakamaa. Madaktari walibaki na mkanganyiko huo kwa miaka mingi.

Lakini shikeni hili: tangu enzi za Alibert ilijulikana kwamba siyo kansa. Tuiite uvimbe, kwa sababu ndivyo ulivyo, ngozi inaota kuliko inavyotakiwa. Ila ni uvimbe usiosambaa. Ukipata jeraha, kuna seli chini ya ngozi zinazoshona, zinatoa nyuzi za protini iitwayo kolajeni ili kuziba pengo. Kazi ikiisha, zinatakiwa ziache. Kwa mtu mwenye keloidi hazipati ile taarifa ya kuacha, au zinaipata zikaipuuza. Zinaendelea kushona mwezi baada ya mwezi, zinavuka mpaka wa jeraha na kuingia kwenye ngozi ambayo haikuwahi kuumia. Huko kuvuka mpaka ndiko kunakoitofautisha keloidi na kovu nene la kawaida, ambalo hubaki ndani ya eneo la jeraha na mara nyingi hunywea lenyewe kwa muda.

Nilimsomea mama mdogo sehemu hii jikoni, akiwa anachagua mchele. Akasema, "Kwa hiyo ni fundi asiyejua nguo imeisha." Sijawahi kuona daktari aliyeieleza vizuri hivyo.

Ukisoma vitabu vya Ulaya utakuta keloidi imewekwa kwenye vitu adimu. Kwao ni kweli ni adimu. Panda daladala ya Uyole asubuhi, angalia masikio ya kina dada, shingo za nyuma za vijana wanaonyoa kwa mashine, mataya ya wenye ndevu zinazojikunja, halafu niambie kama ni adimu. Adimu ni suala la nani ameshika kalamu.

Na hapa ndipo historia yenyewe inapoanza kunuka kidogo.

Waliposhika kalamu, swali lao la kwanza lilikuwa: mbona hii inawapata sana watu weusi? Swali siyo baya, idadi ni ya kweli, watu wenye asili ya Afrika wanaipata zaidi. Ubaya ulikuwa kwenye haraka ya kujibu. Mwaka 1896 Rudolph Matas, daktari bingwa wa upasuaji wa New Orleans, aliandika kazi ndefu juu ya alichokiona kuwa ni mambo ya pekee ya Mtu Mweusi wa Marekani mbele ya kisu cha upasuaji. Keloidi ilikuwa humo. Ni wakati ule ambapo kila kitu cha mwili wetu kilikuwa kinapimwa ili kithibitishe kwamba sisi ni kitu kingine. Upana wa pua, uzito wa ubongo, na sasa kovu.

Mwaka 1964 wazo hilo likapewa vazi la kisayansi. Katika jarida la madaktari la Afrika Kusini, A. J. Koonin alipendekeza kwamba chanzo kinahusiana na seli zinazotengeneza melanini, yaani ile rangi ya ngozi, na homoni inayoziamsha. Nikiwa mkweli, hoja yake ilikuwa na akili. Keloidi karibu haitokei kabisa viganjani na kwenye nyayo, sehemu ambazo hata sisi ni weupe. Huanza sana baada ya balehe, na kwa wanawake wengine hukua wakiwa wajawazito, nyakati ambazo homoni zinachemka. Ukiunganisha hayo unaona njia inanyooka: rangi nyingi, keloidi nyingi. Wazo likakaa vitabuni miaka hamsini. Nani angelipinga? Wajapani na Wachina nao wanapata keloidi kwa wingi, na mwaka 2010 watafiti wa Japani walitangaza sehemu nne za vinasaba zinazohusiana nayo, lakini mtu anayeamini habari ya rangi angeweza kusema kwamba na hao si weupe kama Wazungu.

Kulikuwa na njia moja safi ya kulipima wazo lile. Utafute watu wa damu moja, wa koo moja, wanaokula chakula kimoja, tofauti yao kubwa iwe kwamba wengine wana melanini na wengine hawana. Watu hao wapo wapi? Wapo kwetu. Tanzania ni moja ya nchi zenye watu wengi wenye ualbino duniani.

Sasa niwapeleke Moshi. Mwaka 1992, ndani ya hospitali ya KCMC, kilianza kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Aliyekiongoza mwanzoni alikuwa Mjerumani, Henning Grossmann, na nyuma yake kulikuwa na taasisi ya kimataifa ya madaktari wa ngozi. Wazo lao lilikuwa la kawaida tu, na mimi nalipenda kwa sababu hiyo. Walijua kwamba nchi zetu hazitapata madaktari bingwa wa ngozi wa kutosha kwa miaka mingi. Kwa hiyo wachukue maofisa tabibu, watu ambao tayari wako wilayani na wanajua lugha za watu, wawafundishe ngozi kwa miaka 2, kisha warudi walikotoka. Wengi wamepita pale, kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Na kwa kuwa kituo kilikuwa karibu na watu wenye ualbino, kikiwahudumia dhidi ya jua na saratani, kiliwajua watu hao kwa majina na nyuso.

Mwaka 2015, Samson Kiprono na wenzake, akiwemo Daudi Mavura wa kituo hicho cha Moshi, walichapisha matokeo yao katika jarida la Uingereza la magonjwa ya ngozi. Waliwaangalia Waafrika wenye rangi ya kawaida na Waafrika wenye ualbino, wakahesabu keloidi. Kwa makundi yote mawili ilikuwa karibu watu 8 katika kila 100. Tofauti iliyokuwepo ni ndogo mno, huwezi kujengea nadharia juu yake.

Someni tena hapo. Watu wasio na melanini wanapata keloidi karibu sawa na ndugu zao wenye melanini. Yaani ngozi nyeusi kama ngozi nyeusi haina hatia. Kuna kitu kinachorithiwa katika damu zetu, ndiyo, ukoo una uzito mkubwa katika ugonjwa huu na kwa familia nyingine unashuka toka kwa mzazi hadi mtoto, lakini kitu hicho siyo rangi. Rangi ilikuwa imesimama tu karibu na eneo la tukio, wakaikamata.

Mimi ni mtu wa Mbeya, na kwetu neno ngozi lina kumbukumbu mbaya. Wengi wetu tulikuwa watoto au hatujazaliwa, ila mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 mkoa huu ulitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi, na mpaka leo ukitaka kumnyamazisha mzee mtajie hilo. Halafu toka katikati ya miaka ya 2000 nchi nzima ikaona watu wenye ualbino wanavyowindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa sababu kuna aliyeaminishwa kwamba mwili wao siyo wa kawaida. Ukiwa na hayo kichwani, matokeo ya utafiti ule yanasomeka kwa namna nyingine. Kovu lao ni kovu kama letu.

Sasa kama siyo rangi, ni nini? Hapa niwe mwangalifu maana tunaingia kwenye dhana. Kuna wanasayansi wanaosema kwamba tabia ya mwili kushona sana ilikuwa faida zamani, katika nchi zenye minyoo inayoishi chini ya ngozi. Mwili unaojua kumzungushia mnyoo ukuta wa nyuzi unampunguzia nafasi. Haijathibitishwa. Lakini niliposoma hilo nilifikiria Rungwe na Kyela. Watu wa kule wanaujua usubi, ugonjwa unaoletwa na vijinzi vyeusi vya kando ya mito iendayo kasi kama Kiwira na Lufilyo, mito inayomwaga maji yake Ziwa Nyasa. Mtu mwenye usubi hupata vinundu chini ya ngozi, vigumu, visivyouma sana. Ukipasua kinundu unakuta minyoo imejikunja ndani, na mwili umewajengea ukuta wa nyuzi. Ni ukuta wa aina ile ile ya kolajeni. Tangu mwaka 1987 dawa yake, ivermectin, ilianza kutolewa bure na kampuni inayoitengeneza, na vijijini kwetu watu hupimwa urefu kwa fimbo ili kujua wapewe vidonge vingapi. Kwa hiyo inawezekana, nasema inawezekana, kifua cha mama mdogo kinapigana vita ya babu wa babu zake, na adui hayupo.

Kuna mambo mengine madogo niliyoyaokota njiani. Keloidi hupenda kifua, mabega, ndewe za masikio, taya na mgongo wa juu. Umri wake mkubwa ni kati ya miaka 10 na 30. Mwaka 2005 utafiti mdogo wa Marekani ulionyesha kwamba waliotogwa masikio baada ya miaka 11 walipata keloidi zaidi sana kuliko waliotogwa wakiwa wadogo, kwa hiyo bibi zetu waliotoga watoto wachanga hawakuwa wakatili kama tulivyodhani. Na chanjo. Chanjo ya ndui, iliyofanywa kwa kukwaruza au kuchoma mkono mpaka ugonjwa ule ukaisha duniani na mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida akapatikana Somalia mwaka 1977, iliwaachia watu wengi alama. Na ile ya kifua kikuu, ambayo ilisambaa kwetu hasa baada ya mpango wa taifa wa chanjo kuanza mwaka 1975, sisi Watanzania tunachomwa bega la kulia, wakati Wakenya wanachomwa mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Kama mnatafuta mzaha wa kumtambua Mkenya bila kumsikia akiongea, ndio huo. Ila bega ni mahali ambapo keloidi hupenda, na mkono wa chini siyo sana. Nimejiuliza ni mabega mangapi ya kina dada wa Tanzania yanafichwa na mikono ya gauni kwa sababu tu ya mahali sindano ilipochomwa.

Turudi kwenye kisu, maana ndilo swali la mama mdogo. Ukiikata keloidi tu ukaacha hapo, hurudi kwa wagonjwa karibu nusu, na kuna taarifa za karibu wote. Ni rahisi kuelewa: tatizo ni mwili unaoshona kupita kiasi, na wewe umeupa jeraha jipya la kushona, refu kuliko la kwanza. Hili siyo jambo la juzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ufaransa walishaanza kutumia mionzi juu ya keloidi kwa sababu kisu peke yake hakikutosha. Miaka ya 1960 ikaja sindano ya steroidi, inayoitwa triamsinoloni, inayochomwa ndani ya uvimbe wenyewe kila baada ya wiki kadhaa, na mpaka leo ndiyo inayoanziwa mara nyingi. Kuna kuigandisha kwa baridi kali, kuna vipande vya silikoni vya kubandika, kuna kukata na kuchoma mionzi ndani ya siku moja au chache baadaye. Hakuna inayoahidi kwamba haitarudi. Mwaka 2003, wakati mama mdogo anakatwa, yote hayo yalikuwa yanajulikana. Ningependa kuandika kwamba sina hasira. Ninayo.

Na nisije nikawatuliza kupita kiasi. Kuna uvimbe wa saratani unaoweza kufanana na keloidi machoni, hukua polepole kifuani au begani, na ni mtu aliyefundishwa anayeweza kuutofautisha, wakati mwingine kwa kukata kipande kidogo na kukipima. Kwa hiyo uvimbe uliojitokeza bila kipele wala jeraha, au unaokua haraka, au unaotoka damu, usipimwe na jirani. Wala na mwandishi wa habari.

Tulikwenda hospitali mwezi uliopita, mimi na mama mdogo. Aliyetupokea alikuwa ofisa tabibu wa ngozi, kijana, na nilipomuuliza alisomea wapi akasema Moshi. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia. Alimwambia mama mdogo avue kitenge. Akaangalia kwa taa, akabonyeza, akauliza lini kilianza, nani mwingine kwenye ukoo anacho. Mama mdogo akataja kaka yake na shangazi yake, watu ambao miaka yote hii sikujua kama nao wana kitu wanachokifunika. Yule kijana akasema, "Mama, hii ni keloidi. Siyo kansa. Wala siyo ule ugonjwa mwingine." Hakuutaja. Mbeya hauhitaji kutajwa.

Mama mdogo akanyamaza muda, kisha akauliza kama anaweza kumwandikia hayo kwenye karatasi.

Hawakumkata. Amechomwa sindano ya kwanza, inauma vibaya sana, aliniponda mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Atarudi kwa nyingine, na huenda ikachukua miezi mingi kabla haijalala, kama italala. Muwasho umepungua tayari, anasema amelala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Send-off ni Jumamosi ya wiki ijayo, uvimbe utakuwepo, na amekwishalijua hilo. Jana alinipigia simu toka kwa fundi cherehani. Alikuwa anabishana naye kuhusu shingo ya gauni. Fundi alitaka kuipandisha juu kama anavyomshonea siku zote, na yeye anataka ishuke.